Maji ya Bertha

Asubuhi ya kwanza baada ya kuanua matanga ya mkewe, Eliamini alikwenda kuondoa majani kwenye mlango wa mfereji, akakuta yamekusanyika upande wa chini. Aliinua ukingo wa kofia, akatazama vizuri. Maji yalikuwa yanatoka chini kambini kwa wafanyakazi, yanapita katikati ya mibuni, yanapanda mlima kuelekea kwenye loji ya wageni. Yalipanda taratibu, bila kelele, kama ng'ombe waliozoea njia ya zizini. Eliamini akahamia upande wa chini, akatumbukiza reki, akaanza kuyatoa majani. Kazi yake ilikuwa kutoa majani, upande wowote yatakaokaa.

Pamoja na majani yalikuja maganda ya mahindi, povu la sabuni, na kandambili moja ya bluu, ya mguu wa kulia. Aliijua. Aliiokota, akaitikisa, akaiweka kwenye ukingo ikauke.

Josephati, jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale kambini, alipita na kikapu chake cha kuchumia kahawa kiunoni. Alikuwa Mwiraki wa Endamarariek, mtu asiyeweza kupita mahali bila kutupa neno, na alisalimia kwa Kiiraki.

"Saita, Mchaga! Maji yako leo yamekunywa nini?"

"Yanapanda."

"Hilo naliona. Nauliza kama yatatushukia tena sisi wa chini, ama nimwambie mama watoto abebe ndoo aende akaoge na wazungu."

"Muulize meneja."

"Nimuulize meneja, na ufunguo uko shingoni kwako? Nyie Wachaga hata maji mnayafungia kama duka." Akacheka, halafu akakumbuka, akavua kofia. "Pole lakini, bwana. Pole ya mama Anitha."

"Asante."

"Alikuwa mtu."

"Alikuwa."

Josephati akaenda zake kuchuma, peku, kama wote.

Ufunguo kweli ulikuwa shingoni mwa Eliamini, kwenye uzi wa katani, tangu ujana wake. Alitoka Machame, kwa watu wanaozaliwa wakisikia mfereji ukipita nyuma ya nyumba, na shamba hili la kahawa huku Oldeani lilimchukua kwa sababu hiyo. Mfereji ulitoka msituni, kwenye miteremko ya Ngorongoro, ukapita kwanza lojini, ukajaza bwawa la kuogelea, ukanywesha majani ya bustani, ukapita kwenye mashine ya kumenyea kahawa, ukafika kwenye mlango wa chuma. Chini ya mlango ule kulikuwa na mibuni, na chini ya mibuni kambi ya wafanyakazi. Kiangazi, ofisi ilikuwa inaagiza mlango ufungwe ili bwawa lisipungue. Eliamini anafunga. Kambi inabaki na yale yanayovuja pembeni mwa chuma, na wanawake wanayagombea kwa vikopo, ya kupikia tu. Ya kunawa miguu hayakuwepo. Hilo hakulianzisha Eliamini. Hilo lilitoka ofisini, na waliolitoa walikuwa wanaoga mara mbili kwa siku.

Aliinama akachota maji kwa kiganja. Yalikuwa na rangi ya njano iliyokaribia kutokuwepo, kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Akaonja. Yalikuwa na chumvi kidogo. Hakuhitaji kuonja tena. Mwaka wa mwisho wa mkewe, Bertha, maji haya yalikuwa yanamtoka kwenye ngozi ya mguu wa kushoto, tone kwa tone, yanalowanisha godoro, na Eliamini alikuwa anayafuta kwa kanga huku ameugeuza uso upande wa pili.

Bertha alikuwa wa Endabash. Alichuma kahawa maisha yake yote ya ndoa, na alichuma bila viatu. Udongo wa huku ni mwekundu, na kiangazi unakuwa laini kama unga wa ngano, unaingia hata mahali ambapo hakuna tundu. Gambuti shamba lilitoa kwa watu wa kupiga dawa, watu wa mashine, na mtu wa mfereji. Wachumaji walikuwa wengi mno, walisema. Kwa hiyo nyumba ya Eliamini ilikuwa na gambuti, na gambuti zilikuwa miguuni mwa Eliamini. Alizivaa mferejini, alizivaa mnadani Karatu, alizivaa hata kanisani, suruali ameichomekea ndani ili zionekane. Bertha alikuwa anatembea nyuma yake, anazisifu. Siku moja alimwambia, "Baba Anitha, siku ambayo huendi kazini si uniazime?" Eliamini akajibu kwamba ni mali ya shamba, haziazimwi. Na ni kweli zilikuwa mali ya shamba.

Kwanza vidole vilimwasha. Baadaye unyayo ukawa unavimba jioni, asubuhi umenywea. Ikafika asubuhi haukunywea. Ngozi ikakaza, ikaota vinundu kama maganda ya mti wa zamani. Mguu wa kulia aliuvalia kandambili ya bluu, wa kushoto haukuingia kwenye chochote kinachouzwa. Akaacha kanisa, kwa sababu watu walikuwa wanamhamia benchi jingine, na mchungaji aliona na hakusema kitu.

Zahanati walimkuta mganga kijana aliyekuwa na haraka.

"Haya ni matende, mama. Matende yanaletwa na mbu wa pwani. Umewahi kuishi Tanga?"

"Sijawahi kufika hata Moshi, baba. Hata kwa wakwe zangu sijafika."

Mganga akaandika, akampa chandarua. Bertha akalala ndani ya chandarua, na mguu ukaendelea kuvimba ndani ya chandarua.

Hapo ndipo Eliamini alipoamua kutibu mwenyewe. Maji aliyajua. Shamba likifurika, mtu mwenye akili hasimami kwenye tope akapigana nalo. Anapanda juu, anafunga mlango. Alitafuta mpira wa ndani wa tairi ya gari la watalii, akakata ukanda, akaufunga mguu wa mkewe chini kidogo ya goti, akakaza kwa meno. Kila jioni alikuwa anakagua kama umelegea.

"Baba Anitha, legeza kidogo."

"Nikilegeza yatashuka."

"Hayashuki. Nayasikia. Yanataka kupanda."

Eliamini akakaza zaidi. Mchumaji wa kahawa angemfundisha nini mtu wa Machame habari ya maji?

Kliniki ya gari ilipokuja kambini, nesi Seenoi, binti wa Kimasai wa huko Ngorongoro, alichukua mkasi akaukata ule mpira bila kumuuliza mtu. Chini yake ngozi ilikuwa imekatika mzunguko mzima.

"Nani amefunga hivi?"

Bertha alitazama ukuta. Eliamini alisema, "Ni dawa ya kienyeji."

"Mzee wangu, nisikilize. Maji haya hayatoki juu. Damu ikipita inayaacha huku kwenye nyama, kila siku, kwangu, kwako, kwa kila mtu. Kuna vijifereji vyembamba, hata unywele ni mnene kuliko hivyo, vinayazoa kuanzia vidoleni na kuyapandisha. Mtu akitembea, misuli inayasukuma, na ndani kuna vijilango vinavyoyazuia yasirudi chini. Yanapita kwenye tezi hapa kinenani, hizi mkiumwa mnaziita mitoki, yanachujwa, yanapanda hadi karibu na shingo, yanarudi kwenye damu. Sasa vumbi la huku limeingia kwenye nyayo za mama, limeviunguza vile vijifereji. Maji yanaletwa, vya kuyaondoa hakuna. Na vile vichache vilivyobaki ndivyo vilivyofungwa na mpira huu."

"Aliyefunga alifunga juu yasishuke."

"Amefunga mlango wa kutokea," alisema nesi.

Akawafundisha kuosha kwa maji na sabuni, kukausha katikati ya vidole, kupaka mafuta, kufunga bandeji kuanzia vidoleni kupanda, chini ikaze na juu ilegee, na kuinua mguu kila wakati wa kukaa. "Na viatu," alisema. "Viatu tangu mwanzo vingetosha." Macho yake yalipita kwenye gambuti za Eliamini. Hayakukaa sana, kwa sababu nje kulikuwa na watu wengine wanasubiri.

Jeraha la mpira liliingia uchafu, homa ikampanda Bertha, ikakataa kushuka. Alikufa kahawa ikiwa imeiva. Ofisi ilituma gunia la mchele na ikawaruhusu wachumaji kwenda kuzika mchana, baada ya kupima kahawa. Wakamzika mwisho wa mfereji, chini ya mgrevilea, kwenye ardhi ya shamba, kwa sababu kwao Machame ndugu walishagawana kihamba, shamba la ukoo, na jina la Eliamini halikutajwa. Na kutoka pale, mwisho wa mfereji, ndipo maji yalipogeuka.

Lojini hayakuleta shida mwanzoni. Bwawa lilikuwa na njano kidogo, vuguvugu, na wageni walisema linalainisha ngozi. Edgar, meneja, kijana wa Arusha aliyekuwa anaendesha shamba na loji pamoja, aliweka kibao cha kulisifia. Halafu ikaonekana kwamba mgeni akiogelea mchana, jioni viatu vyake havimwingii. Unyayo unakuwa umejaa, unang'aa, ukibonyezwa kwa kidole unabaki na shimo. Asubuhi unanywea. Wageni hawakulalamika sana, walitaka tu kitu cha kuvaa kwenda mezani. Edgar akapiga simu, na gari likaja siku hiyo hiyo kutoka Arusha na malapa ya ngozi laini, ya kila kipimo, yakapangwa pembeni ya bwawa kwenye vikapu.

Eliamini aliyaona alipoitwa. Alisimama kwenye majani ya bustani, kofia mkononi, akiangalia vile vikapu.

"Mzee Eliamini, mfereji wako unapanda."

"Nimeona, meneja."

"Unaniletea maganda ya mahindi kwenye bwawa. Leo mama mmoja wa Kijerumani amekutana na gunzi."

"Ndiyo."

"Nenda ukafunge ule mlango. Maji yasifike huku."

"Nikifunga, yataenda wapi?"

"Yatabaki huko kambini. Si kila kiangazi mnalia hamna maji? Hayo hapo, yachukueni."

Eliamini alizungusha kofia. "Meneja, maji ya namna hii ukiyafungia yanaleta uvimbe."

"Uvimbe wa nini?"

"Wa pale yanapokaa."

Edgar alimtazama kwa upole. Hakuwa mtu wa kufoka. "Mzee wangu, ile nyumba unayokaa ni ya nani?"

"Ya shamba."

"Na mama ulimlaza wapi?"

"Kwenye shamba."

"Basi. Mimi nakuheshimu, usinifanye niseme mengi."

Eliamini hakuondoka mara moja. "Na hivi viatu," alisema, "na wachumaji je?"

"Wachumaji wamefanya nini?"

"Viatu."

"Bajeti, mzee," alisema Edgar, akapokea simu.

Wakubwa ndivyo walivyo, aliwaza Eliamini akishuka. Mkubwa anaona mguu wa mgeni umevimba mchana mmoja, anatuma gari. Mguu wa Bertha waliuona miaka nenda rudi ukipita mbele ya dirisha la ofisi, wakashusha pazia. Aliwahesabia makosa yao njia nzima: ofisi, zahanati, mchungaji, ndugu zake wa Machame. Kila mmoja alikuwa na lake. Gambuti zake zilikuwa zinapiga kwap, kwap, kwenye matope, na alitembea kwa nguvu ili asisikie kitu kingine.

Anitha, binti yake wa pekee, alikuwa kibarazani. Alishachukua kikapu cha mama yake na mistari ya mama yake ya mibuni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja juu ya goti, anajikuna katikati ya vidole.

"Unawashwa?" aliuliza Eliamini.

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Baba, nasikia wamekwambia ufunge."

"Tangu lini unawashwa?"

"Usifunge, baba. Sasa hivi angalau tunanawa. Yanapita hapa mlangoni asubuhi na jioni, mtu unatoka shambani unanawa hadi magotini. Mke wa Josephati anasema hata wakwe hawajawahi kumkuta msafi hivi."

"Amri imetoka juu, mwanangu."

Anitha aliushusha mguu chini, akamtazama.

"Na ile ya mguu wa mama ilitoka wapi?"

Eliamini aliingia ndani. Alikaa kitandani, upande ambao maji yalikuwa yameacha ramani kwenye godoro. Alitaka kujibu kwamba ile ilitoka kwenye ujinga, na ujinga ulitoka kwa waliokuwa wanajua wakanyamaza. Lilikuwa jibu zuri. Aliligeuzageuza mpaka ugali ukapoa. Nje alimsikia binti yake akiendelea kujikuna.

Asubuhi alikwenda mlangoni. Kandambili ya bluu ilikuwa bado kwenye ukingo, imeshakauka. Maji ya Bertha yalikuwa yanapita chini ya chuma, yametulia, yanakwenda yanakotakiwa kwenda. Eliamini alitoa ufunguo, akafungua kufuli, akashika gurudumu. Safari hii alijua. Safari ile nyingine angeweza kusema hakujua, na alishasema mara nyingi. Alisimama mikono iko kwenye chuma cha baridi mpaka akasikia pikipiki ya ofisi inakuja kukagua. Akazungusha. Mlango ukashuka. Maji yakafika, yakagusa chuma, yakasimama. Hayakurudi chini. Yalingoja.

Mwenye pikipiki aliinua kidole gumba, akageuza.

Kambi ilianza kuvimba kabla ya Jumapili. Kwanza ardhi ililainika, ikawa ukikanyaga unaacha shimo, na shimo linajaa polepole nyuma yako. Watoto walicheza kwa kubonyeza uwanja wa kanisa. Halafu ikakaza, haikubonyea tena, ikaota mikunjo na vinundu, na nyumba zikapanda juu yake kila moja kwa mwinamo wake. Milango ikakataa kufunga. Watu walipanga mawe ya kupandia, wakafupisha miguu ya vitanda ya upande mmoja, wakaendelea kuchuma. Kaburi la Bertha lilipanda kuliko yote, likafika usawa wa matawi ya mgrevilea, na ndege wakawa wanatembea juu yake bila kuruka.

"Sasa na sisi tuna nyumba za mlimani," alisema Josephati, akiisogeza supu kutoka pembeni ya meza isimwagike. "Bado bwawa tu."

Alisema hivyo mbele ya wote, na wote wakacheka, lakini hakumtazama Eliamini. Siku hizi hakumwita Mchaga. Alikuwa anamwita Mzee Eliamini, kwa heshima zote, na Eliamini alitamani utani.

Alikuja mtaalamu kutoka kwa wakubwa, akapiga picha mikunjo ya ardhi, akauliza kama zamani hapa palikuwa na bahari. Wakamwambia hapana. Akaandika. Baada ya muda likaja gari na vyandarua, kila nyumba ikapata chake.

Lojini bwawa lilirudi kuwa jeupe. Malapa yaliyobaki yalifungiwa stoo.

Eliamini alikwenda stoo kuuliza. Mtunza stoo alimwambia malapa ni ya wageni na gambuti ni za wenye cheo. "Kama una uchungu na mtoto, mzee, si umpe zako?" Alisema hivyo kwa kutania, akijua kwamba mtu wa mfereji hawezi kuingia mferejini peku. Eliamini alicheka kidogo, akaaga. Jambo hilo alikuwa analiwaza kila asubuhi anapozivaa, mguu wa kwanza, mguu wa pili. Kesho, alikuwa anajiambia. Kesho nitaziacha mlangoni kwake. Kisha alikuwa anasikia baridi ya mfereji kabla hajafika, na ofisi itauliza, na anachelewa.

Ila jioni alikuwa anafanya kama nesi alivyosema. Anitha akirudi na kikapu, Eliamini anatoa beseni, maji yenye vuguvugu, na kipande cha sabuni. Anapiga goti kwenye ile ardhi yenye mwinamo, anaukingia mguu wa binti yake mikono miwili. Unyayo ulikuwa umejaa kidogo. Asubuhi ulikuwa bado unanywea. Aliosha kwa utaratibu, akakausha katikati ya vidole kwa kitambaa, akapaka mafuta, akafunga bandeji kuanzia vidoleni kupanda, chini akakaza, juu akalegeza. Alifunga vizuri sana. Seenoi mwenyewe angepita asingekuta la kurekebisha.

"Inabana?"

"Haibani."

"Ikibana sema. Mimi nitalegeza saa ile ile."

Anitha aliangalia kichwa cha baba yake kilichoinama, mvi zake, ufunguo unaoning'inia kwenye uzi na kugonga ukingo wa beseni, na gambuti ambazo hakuwa amezivua.

"Baba, ule mlango utaufungua lini?"

"Wakisema," alisema Eliamini.

Anitha aliinua mguu akauweka juu ya kigoda, kama walivyofundishwa. Eliamini akabeba beseni, akamwaga maji uani. Yalikaa kidogo yakajikusanya. Halafu yakashika njia, yakapita pembeni ya kaburi, yakapanda kati ya mibuni hadi kwenye chuma. Pale yakasimama pamoja na mengine.

Eliamini aliusukuma ufunguo ndani ya shati ili usigongegonge, akaingia ndani kula.